Shamba darasa la mahindi, msimu mmoja mzima

Mwongozo kwa maafisa wa miradi, maafisa ugani na viongozi wa vikundi

Fedha za "kuwajengea uwezo wakulima" zina njia yake iliyozoeleka: ukumbi mjini, siku tatu, bango kitita na kalamu rashasha, chai ya saa nne, posho, picha ya pamoja, cheti. Ripoti inaandikwa kwamba wakulima kadhaa "wamefikiwa". Msimu ukifika, wakulima hao hao wananunua dawa ile ile kwenye duka lile lile na kuipiga kwa kukisia. Hawakudanganywa. Yaliyosemwa ukumbini yalikuwa kweli, ila hakuna mshiriki aliyeyaona yakitokea kwa macho yake.

Shamba darasa linakwenda kinyume na hapo. Wakulima 25 hadi 30 wanakutana mara moja kwa wiki, shambani, tangu kuandaa ardhi hadi kuvuna. Wanachunguza wenyewe, wanabishana wenyewe, wanaamua wenyewe. Njia hii ilianza Indonesia mwaka 1989. Miaka mitatu kabla, serikali ya huko ilikuwa imepiga marufuku aina 57 za dawa kwenye mpunga, kwa sababu zilikuwa zinaua buibui na wadudu wengine wanaomla yule mdudu mdogo wa kahawia aliyekuwa akifyonza mpunga na kuukausha. Kadiri watu walivyopiga dawa ndivyo alivyozidi. Lakini amri haimfundishi mtu kumtofautisha adui na rafiki shambani kwake, ndipo FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na serikali wakaanzisha madarasa ya shambani. Katikati ya miaka ya 1990 njia ikafika magharibi mwa Kenya, na kuanzia 1999 ikasambazwa Kenya, Uganda na Tanzania kwa fedha za IFAD, mfuko wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo ya kilimo.

Hapa nitatumia mfano wa mahindi na kiwavijeshi vamizi, yule aliyeonekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016 na kuingia Kenya na Tanzania mwaka uliofuata. Zao lako likiwa jingine, utaratibu ni huu huu.

1. Fika kijijini miezi miwili kabla ya mvua

Kama masika huanza Machi, uwe umefika Januari. Piga hodi kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji, eleza unachotaka, kisha omba kutembea mashambani na wakulima wenyewe. Mkutano wa hadhara utakupa majibu ya hadhara. Mkiwa mnatembea, mtu atakuonyesha kona ambayo mahindi hayastawi na kukwambia amejaribu nini. Andika hayo. Ulizia hasa dawa alizotumia mwaka jana, alizichanganya vipi, alipiga mara ngapi, na alitumia shilingi ngapi.

Wanawake waulize pembeni, na ikiwezekana awaulize mwanamke. Mara nyingi ndio wanaopalilia, kwa hiyo ndio wanaomwona mdudu mapema, na mbele ya mkutano wengi watanyamaza. Uliza pia siku na saa ya darasa. Ukiweka saa mbili asubuhi siku ya gulio, umekwisha kuwatoa nusu ya watu unaowahitaji.

Kisha uwe tayari kubadilisha mada. Andiko la mradi linaweza kusema "viwavijeshi" na kijiji kikasema tatizo lake ni rutuba au viduha, yale magugu yanayofyonza mizizi ya mahindi. Ukilazimisha, watakuja wiki tatu za kwanza kwa heshima, halafu watatuma watoto.

2. Kubalianeni kuhusu fedha mapema, na kwa sauti

Shamba darasa nyingi hufia hapa kabla mbegu haijaota.

Msimamo wangu: mkulima halipwi posho ya kukaa shambani kwa faida yake mwenyewe. Ukianza kulipa, mahudhurio yatakuwa mazuri ajabu, na siku ya kwanza bila posho utabaki na mwezeshaji na mwenye shamba. Tena utakuwa umemharibia mwenzako atakayekuja baada yako. Nalisema hili nikijua kwamba mradi wa jirani unalipa na utalaumiwa. Laumiwa sasa, mwanzoni, kwenye kikao cha wote, siyo wiki ya sita kwa minong'ono.

Hiyo haina maana kwamba watu wagharimie kila kitu. Weka fedha kwenye kikundi badala ya mfukoni mwa mtu: mbegu, mbolea, karatasi, kamba, mizani, na chochote cha kupikia uji. Fedha ziingie kwenye akaunti au simu ya kikundi yenye watia saini watatu, na matumizi yasomwe kila mwezi mbele ya wanachama. Kikundi nacho kilete chake: ardhi, samadi, nguvu kazi, kuni, masufuria. Magharibi mwa Kenya vikundi vingine vilienda mbali zaidi, vikalima shamba la biashara kando ya shamba la mafunzo ili mauzo yake yarudishe sehemu ya gharama. Hilo ni jema, lakini liachie msimu wa pili. Msimu wa kwanza mna mengi ya kujifunza.

Masharti yaandikwe na kikundi: faini ya kuchelewa, utaratibu wa ruhusa, nani anaweka ufunguo wa stoo. Wachague mwenyekiti, katibu na mhazini, kisha wajigawe katika makundi matano ya watu watano au sita. Kila wiki kundi moja ni wenyeji wa siku: linafika mapema, linaandaa eneo, linasimamia muda na kuongoza vichangamsho.

3. Mwezeshaji awe amelima zao hilo

Huko Indonesia wawezeshaji walipelekwa kwanza kwenye mafunzo ya msimu mzima, wakalima mpunga kwa mikono yao kabla ya kumfundisha mtu. Siku hizi tunawapa siku tano na kitini. Kama huna fedha za kuwafunza wawezeshaji msimu mzima, punguza idadi ya mashamba darasa: mawili yenye wawezeshaji wanaojua ni bora kuliko kumi ya karatasi. Usisahau kuwatazama wakulima waliohitimu msimu uliopita, maana miongoni mwao wamo wanaoendesha darasa vizuri kuliko bwana shamba mwenye pikipiki na kata tatu za kuhudumia.

Kinachotafutwa kwa mwezeshaji ni uwezo wa kuzuia ulimi. Mtu aliyesoma kilimo akiulizwa jina la mdudu hulitaja palepale, na mazungumzo yameishia hapo. Kwenye shamba darasa huwa hivi:

"Bwana shamba, huyu mdudu anaitwaje?"

"Umemkuta wapi, mama?"

"Hapa, chini ya jani."

"Alikuwa akifanya nini?"

"Alikuwa kashika kiwavi kidogo."

"Wako wangapi kwenye mche huo?"

"Wawili. Sasa ni mbaya au ni mzuri?"

"Tumweke kwenye chupa pamoja na viwavi vitatu, tumtazame wiki ijayo. Wewe unadhani itakuwaje?"

Jina litakuja baadaye, na likija halitasahaulika.

4. Shamba la mafunzo

Liwe karibu na njia wanayopita watu, lisiwe bora kuliko mashamba mengine ya kijiji, na mwenye ardhi asaini makubaliano mbele ya mtendaji: mavuno ni ya nani, na kama anaweza kulichukua katikati ya msimu. Robo eka inatosha.

Gawa ploti za mita 10 kwa 10. Ya kwanza ilimwe kama kijiji kinavyolima siku zote, bila kuongeza wala kupunguza, hata kama inakuuma. Ya pili ilimwe kwa nafasi na mbolea inayopendekezwa, kwa mfano sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, mche mmoja kila shimo. Ya tatu iwe sawa na ya pili kwa kila kitu, isipokuwa dawa haipigwi kwa ratiba. Hupigwa tu pale uchunguzi wa wiki unapoonyesha haja. Tamaa ya kujaribu mbegu mpya, mbolea mpya na dawa mpya kwenye ploti moja ni kubwa, lakini mavuno yakipanda hamtajua kilichoyapandisha.

Ongeza na ploti ndogo tatu za jaribio ninalolipenda kuliko yote. Mahindi yakiwa na wiki tatu au nne, ploti moja iacheni kama ilivyo, ya pili kateni kwa mkasi robo ya kila jani, ya tatu kateni nusu. Wanachama watapiga kelele. Wapo watakaokataa kushika mkasi. Kabla ya kukata, kila mtu aseme ploti ipi itavuna kiasi gani na katibu aandike. Mahindi machanga yenye maji na rutuba ya kutosha hufidia sehemu kubwa ya majani yaliyopotea, na mkulima akiona hilo kwa macho yake hatakimbilia bomba la dawa tena kwa sababu ya majani machache yenye matundu.

Kabla ya kupanda, fanyeni mtihani wa sanduku la kura. Haumlazimu mtu ajue kusoma. Weka vituo kumi shambani, kila kituo na kitu halisi: jani lenye mayai, buibui ndani ya chupa, mche wenye njano ya kukosa naitrojeni. Pembeni pawe na katoni tatu zenye picha za majibu. Kila mshiriki ana namba yake kwenye vipande vya karatasi. Anazunguka na kutumbukiza kipande kwenye katoni ya jibu lake. Mwisho wa msimu mtarudia kwa maswali mengine ya uzito ule ule. Fomu za "umefurahia mafunzo?" ziacheni ofisini. Watu waliokula wali kwa nyama hufurahia mafunzo yoyote.

5. Siku ya darasa

Saa tatu hadi nne kwa wiki zinatosha, kwa muda wa wiki 14 hadi 16 kutegemea mbegu. Sala, mahudhurio, kukumbushana ya wiki iliyopita, kisha moja kwa moja kwenye mahindi wakati jua bado halijawa kali.

Uchunguzi wa ikolojia ya shamba, ambao wawezeshaji wengi huuita kwa kifupi AESA, ndio moyo wa darasa. Kila kundi dogo linaingia kwenye ploti na kuchagua mimea kumi kwa kupita mshazari, bila kuchagua mizuri wala mibaya. Wanahesabu majani, wanapima urefu, wanafunua majani ya chini, wanachungulia moyo wa mmea pale majani machanga yanapochipukia, wanakwaruza udongo kuona kama una unyevu.

Wajue wanachotafuta. Mayai ya kiwavijeshi vamizi hutagwa kwa lundo, mara nyingi 100 hadi 200 kwa pamoja, yakiwa yamefunikwa na manyoya mepesi ya nondo. Kiwavi kichanga hukwangua jani na kuacha madirisha meupe. Akikua hutoboa matundu makubwa na kuingia ndani ya moyo wa mmea, akiacha kinyesi kama unga wa msumeno. Mkubwa ana alama ya Y iliyopinduliwa usoni, na madoa manne meusi yaliyopangwa mraba karibu na mkia. Tofauti ya kiwavi kichanga na kikubwa ni fedha taslimu: mkubwa akishajificha humo ndani chini ya kinyesi chake, dawa nyingi hazimfikii, hata uongeze kipimo.

Wakitoka shambani, kila kundi linakaa chini ya mti na karatasi kubwa. Katikati wanachora muhindi wenye idadi ya majani waliyoihesabu. Kushoto wadudu waharibifu, kulia wadudu marafiki, kila mmoja na idadi yake. Juu wanachora jua au mawingu, chini unyevu wa udongo na magugu. Asiyejua kuandika achore. Ndiyo maana ni picha, na usiruhusu katibu mmoja mwenye mwandiko mzuri akahodhi kalamu miezi minne. Chini ya picha wanajibu maswali matatu: tumeona nini, kina maana gani, tufanye nini wiki hii?

Kisha mmoja anasimama kueleza, kila wiki mtu mwingine. Hapa ndipo mabishano yanaanza, nawe yaache yaendelee. Akisema "tupige dawa", wenzake wamuulize ni mimea mingapi kati ya kumi imeathirika. Kwa mwongozo wa jumla, mahindi machanga yasipofika mimea miwili kati ya kumi yenye dalili mpya hakuna haraka ya dawa. Yakiwa makubwa zaidi, kabla ya kutoa mbelewele, hata minne kati ya kumi yanaweza kuvumilia. Kati ya hapo kuna mengi ya kufanya kwa mkono: kuponda mayai, kutupia mchanga au majivu kwenye moyo wa mmea, kuacha sisimizi wafanye kazi yao. Kikundi kikitaka kujaribu mwarobaini, kijaribu kwenye nusu ya ploti na kulinganisha. Watu wanaapa kwa mwarobaini kuliko wanavyoupima.

Uamuzi ukifikiwa, unatekelezwa siku ile ile. Darasa lisiloshika jembe linageuka semina.

Bustani ya wadudu nayo isikosekane. Chupa za maji zilizokatwa na kufunikwa kipande cha chandarua zinatosha. Weka lundo la mayai na majani mabichi, badilisha majani kila baada ya siku moja au mbili, na mtu maalumu aandike tarehe. Viwavi wakikua watenganishe, kila mmoja chupa yake, kwa sababu hulana. Kwenye joto, yai hadi nondo ni mwezi mmoja hivi, na karibu nusu ya muda huo ni kiwavi. Mara nyingine mtangoja nondo na badala yake kiwavi kitatoa vinyigu vidogo vilivyokulia ndani yake. Siku hiyo huna haja ya kueleza tena kwa nini dawa kali ni hasara.

Nusu saa ya mwisho ni ya mada maalumu, na haina lazima ihusu mahindi. Kikundi kikitaka kuzungumzia kuweka na kukopa, malaria au mirathi ya ardhi, mwite anayejua.

6. Vuna kwa mizani

Siku ya kuvuna kila kundi livune ploti yake, lipukuchue, likaushe na kupima. Ploti ya mita 10 kwa 10 ni mita za mraba 100, na eka ina karibu 4,047, kwa hiyo kilo za ploti zidisha kwa 40 kupata kilo za eka kwa makadirio. Ploti iliyotoa kilo 25 ni sawa na kilo 1,000 kwa eka, magunia kumi ya kilo mia.

Msiishie kwenye magunia. Katibu atoe daftari la gharama: mbegu, mbolea, dawa, na siku za kazi zikihesabiwa kwa bei ya kibarua, hata kazi hiyo ilipofanywa na mke au watoto. Inawezekana ploti iliyotoa magunia mengi ndiyo iliyobakiza fedha kidogo. Mabishano ya siku hiyo yape muda, hata chakula kikichelewa. Kisha rudini kwenye jaribio la mkasi na kusoma yale makisio.

7. Majirani

Watafiti wa IFPRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa sera za chakula, waliochunguza mashamba darasa Kenya, Uganda na Tanzania walitoa matokeo mwaka 2010: kwa kuziweka nchi tatu pamoja, kipato cha washiriki kilipanda kwa asilimia 61, na wanawake na wenye elimu ndogo walikuwa miongoni mwa walionufaika, ingawa nchi na nchi zilitofautiana sana. Habari njema hiyo. Isiyopendeza ni kwamba mapitio ya tafiti za nchi nyingi yaliyochapishwa 2014 hayakuona majirani wasiohudhuria wakibadilika. Haishangazi. Wazo kama "subiri, usipige dawa, hesabu kwanza" haliazimwi kwa kuchungulia uani kama mbegu mpya inavyoazimwa.

Kwa hiyo usiandike kwenye andiko kwamba "kila mshiriki atawafikia wengine kumi" kama huna mpango wala fedha za jambo hilo. Siku ya wakulima, mahindi yakiwa yamekomaa lakini hayajavunwa, inasaidia endapo wanakikundi ndio wanaoeleza kwenye kila ploti na mgeni rasmi anapewa dakika chache, mwishoni. Bora zaidi ni kuwalipia wahitimu wawili waendeshe darasa la kitongoji cha pili msimu unaofuata, mwezeshaji wa kwanza akiwatembelea mara moja kwa mwezi.

8. Ripoti, na ziara ya mwaka unaofuata

Mfadhili atataka idadi ya watu. Mpe, iliyogawanywa kwa wanawake, wanaume na vijana, lakini ambatanisha alama za sanduku la kura za mwanzo na mwisho, jedwali la mavuno na gharama, na picha mbili tatu za karatasi za uchunguzi, moja ya wiki ya pili na moja ya wiki ya kumi. Ukiziweka pamoja, hata mtu wa Geneva asiyejua Kiswahili ataona tofauti.

Msimu unaofuata, wiki ya nne baada ya kupanda, rudi bila gari la mradi na bila taarifa ya siku nyingi. Chagua wanachama kumi kwa kura, tembea mashambani kwao, uliza: wiki hii umechungulia mimea mingapi, umeona nini, umeamua nini? Anayekujibu kwa idadi amebaki na darasa. Anayekujibu "tunasubiri mradi ulete dawa" akuambie na kilichomshinda, nawe ukiandike kwenye ripoti. Bajeti ya ziara hiyo iwekwe tangu mwanzo, kwa jina lake, maana mradi ukishafungwa hakuna atakayekupa mafuta ya pikipiki.